Kiendesha diski, si kiendeshi

Kijana mmoja aliniletea kompyuta yake ya mezani pamoja na diski mpya, bado imo kwenye mfuko wa dukani. Mashine ilikuwa imekataa kuiona diski ya zamani, na fundi aliyempigia simu alimjibu, "Hapo tatizo ni kiendeshi." Kijana akaenda akanunua kiendeshi. "Mwalimu, si ndiyo hii?" akaniuliza. Diski yake ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Fundi alikusudia ile programu ambayo mtaani tunaiita draiva. Nilipoisasisha, faili zake zote zikaonekana, lakini pesa ya diski mpya ilikuwa imeshatoka.

Mzizi wa neno kiendeshi ni mzuri. Enda huzaa endesha, yaani kufanya kitu kiende, na katika kompyuta kitenzi hiki kimebebeshwa mizigo mitatu. Mfumo endeshi ndio unaosimamia mashine yote. Kiendeshi ni kifaa cha kuhifadhia data: diski, au kile cha USB kinachoning'inia kwenye funguo. Na kiendeshi, tena, ni programu inayokiwezesha kiini cha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa hicho. Mzigo wa kwanza una jina lake kamili, hauna shida. Miwili ya mwisho ndiyo inayogongana, na inagongana mahali pabaya, maana kifaa na programu yake hufanya kazi bega kwa bega, na kimoja kikiharibika dalili zake hufanana na za kingine.

Kisa cha kiini cha mfumo endeshi wa Linux, toleo la 4.19, lililotoka Oktoba 2018, kinaonyesha uzito wa jambo hili. Baada ya toleo hilo kutoka, baadhi ya watumiaji walianza kukuta faili zao zimeharibika. Lawama za kwanza ziliiangukia ext4, mfumo wa faili, kwa kuwa ndio uliokuwa ukilalamika kwamba kilichosomwa diskini si sahihi. Mlalamikaji, kumbe, hakuwa mkosaji.

Ombi la kuandika data hushuka tabaka kwa tabaka. Mfumo wa faili hulikabidhi kwa tabaka la bloku, linalopanga foleni na kuunganisha maombi yanayopakana ili diski ifanye safari moja badala ya mbili. Chini yake ipo programu ya kuendesha diski, ambayo huandaa orodha: data ichukuliwe sehemu zipi za kumbukumbu, na kila sehemu ina ukubwa gani. Tabaka la bloku liliweza pia kulipeleka ombi moja kwa moja, bila foleni. Hapo ndipo penye hitilafu. Orodha ilikwisha kuandaliwa, kisha likaja jibu kwamba diski imeelemewa: subiri. Ombi likarudishwa kwenye foleni ya kawaida, na huko likaunganishwa na jirani yake. Orodha ikabaki ile ile ya mwanzo.

Mfikirie karani wa bandarini aliyeandika magunia manane, akaambiwa chombo bado. Akiwa anangoja, wapagazi wanaongeza manane mengine kwenye rundo lile lile. Chombo kinapokuwa tayari, yanapakiwa manane ya kwenye karatasi, na mwenye mali anapewa taarifa kwamba shehena yote imeondoka.

Desemba 2018 Jens Axboe, msimamizi wa tabaka la bloku, alitengeneza kiraka kilichoingia katika toleo la 4.19.8. Ni kifupi, na wazo lake linanifurahisha kwa unyoofu wake: ombi lililokwisha kuandaliwa likijibiwa "subiri", linawekwa pembeni, kwenye orodha ambayo hakuna wa kuliunganisha na lingine, mpaka litumwe jinsi lilivyo.

Sasa jaribu kukisimulia kisa hiki darasani huku diski ukiiita kiendeshi na programu yake ukiiita kiendeshi. Nimejaribu. Wanafunzi walipotea kwenye sentensi ya pili.

Dawa iko ndani ya lugha yenyewe. Kipaza sauti, kinasa sauti, kipima joto, kifungua kopo: Kiswahili hutaja kazi, kisha hutaja kinachofanyiwa kazi. Kwa utaratibu huo programu hii ni kiendesha diski, na ya printa ni kiendesha printa. Zikiwa nyingi, ni viendesha. Neno halisimami peke yake, na mimi naona hapo ndipo penye nguvu yake, kwani anayelitamka hana budi kusema kinaendeshwa kitu gani. Diski nayo ibaki diski, kama watu wanavyoiita tayari. Draiva siikatai, inaeleweka kila duka, ila haimfundishi mwanafunzi kitu kuhusu kazi yenyewe. Dereva ndilo nisilolitaka. Dereva ni mtu, huchagua njia na hugeuza gari akiona foleni. Programu hii haichagui data iandikwe wapi, hupokea agizo ikalifikisha.

Kwa maneno hayo kisa cha 4.19 kinasimulika bila kukwama: kiendesha diski kiliandaa orodha, ombi likarudishwa lisubiri, tabaka la bloku likaliongezea mzigo, na orodha ya zamani ikatumika. Diski haikukosea popote, wala ext4.