Kibuyu, Debe na Mfuko

Historia ya nchi aghalabu huandikwa kwa majina ya watawala na miaka ya vita. Vyombo vya nyumbani havitajwi sana, ingawa navyo vina ushahidi wao. Nataka kueleza habari za vyombo vitatu vilivyotumika Ugogo, kwa sababu vyote vimepita juu ya ardhi ya Makutupora, na chini ya ardhi hiyo yamo maji yanywewayo na mji wa Dodoma.

Chombo cha kwanza ni kibuyu. Kiliota shambani, kikakaushwa, kikatiwa maji, maziwa na mbegu. Kilipopasuka kilishonwa, kisiposhoneka kilitupwa, na mchwa na mvua vikakirudisha udongoni. Aliyekitupa hakuwa mwema kuliko sisi, ila chombo chake kilikuwa na mwisho.

Cha pili ni debe. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na bidhaa za pwani zikapata njia nyepesi ya kuingia bara. Mafuta ya taa yaliuzwa katika makopo ya bati yenye ujazo wa galoni 4, yaani lita 18 hivi. Mafuta yalipokwisha, debe lilianza kazi nyingine: lilitekewa maji, likapimia nafaka, likakunjuliwa kuezekea nyumba, na mafundi wakalikata kufanyia vibatari. Lilikuwa kitu cha kigeni, walakini lilitumika mpaka likala kutu. Hata leo jina lake ni kipimo sokoni.

Cha tatu ni mfuko wa plastiki. Kazi yake ni safari moja ya kutoka sokoni hadi nyumbani. Baada ya hapo hauozi, bali huchanika vipande vidogo na kubaki. Zanzibar iliupiga marufuku mwaka 2006. Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilitangazia Bunge, papo hapo Dodoma, kwamba Tanzania Bara nayo itaukataza kuanzia Juni 1. Mifuko ya kubebea ikapungua upesi. Lakini vifungashio vya viwandani viliruhusiwa, na chupa za plastiki zikaendelea kuuzwa na kutupwa.

Sasa, msomaji, tutazame maji. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa hukaushwa na jua. Vipimo vya visima vya Makutupora, vilivyowekwa tangu miaka ya 1950, vimeonyesha kwamba hazina hiyo haijazwi kila msimu. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Mvua hizo hupita kwanza katika makorongo na mito ya mchanga, ambamo taka zetu zimelala. Na tangu uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, wanywaji wameongezeka, na vyombo vyao pia.

Sishauri turudi kwenye kibuyu. Mji mkubwa hautoshelezwi nacho. Funzo langu latoka kwa debe: kabla kitu hakijauzwa, na tuulize kitakuwa nini kikiisha kazi. Mwaka 2019 tuliuliza hivyo juu ya mfuko mmoja tu. Vitu vingine vyangojea kuulizwa, na mvua kubwa haitangoja.