Makaay: Fowadi wa bao la sekunde 10 aliyegeuka mkufunzi wa chipukizi

FOWADI Roy Makaay alizaliwa Wijchen, Uholanzi, Machi 9, 1975. Alitoka Vitesse akajiunga na Tenerife ya Uhispania mnamo 1997, ikateremshwa daraja 1999. Mwaka uliofuata, akiwa Deportivo La Coruña, alifunga katika ushindi wa 2-0 dhidi ya Espanyol ulioipa klabu hiyo taji lake la pekee la La Liga. Mabao 29 yalimpa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya 2003.

Akichezea Bayern Munich, aliifunga Real Madrid katika sekunde ya 10 mnamo Machi 2007, rekodi ya Ligi ya Mabingwa. Hata hivyo, timu ya taifa ilitegemea zaidi Patrick Kluivert na Ruud van Nistelrooy. Makaay aliifungia mabao 6 pekee.

Aliangika daluga Feyenoord 2010, akasalia humo kuwanoa chipukizi.