UHANDISI ULIVYOFIKA USANGU



Mpunga wa Ubaruku hautegemei mvua peke yake. Maji ya mto Mbarali huchepushwa kwenye banio, yakaingia mfereji mkuu, yakagawanywa katika mifereji midogo hadi majarubani. Mteremko ule mdogo unaoyatembeza maji bila pampu ni kazi ya uhandisi. Ni vema kijana anayefikiria kuchagua Fizikia na Hisabati ajue kazi hiyo ilifikaje kwetu, na inamdai nini.

Kilimo cha mpunga wa kumwagilia kilishika mizizi Usangu kabla ya Uhuru, na Wabaluchi waliohamia huku walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mabanio ya zamani yalijengwa kwa miti, mawe, udongo na majani. Waliochimba mifereji hawakuwa na vyeti, lakini waliyafuata maji yenyewe yawaonyeshe mteremko.

Katika miaka ya 1970 zilikuja kazi kubwa. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ikapita katika nyanda zetu. Sehemu iliyowatoa jasho wajenzi kuliko zote ni ile ya kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako, yenye mahandaki na madaraja mengi. Katika miaka hiyo hiyo Wachina walisaidia kujenga shamba la mpunga la Mbarali, ambalo baadaye liliendeshwa na shirika la NAFCO mpaka likabinafsishwa katika miaka ya 2000.

Je, vijana wetu walisomea wapi kazi hizi? Ufundi ulifundishwa Ifunda, mkoani Iringa, tangu miaka ya 1950. Lakini mwanzoni aliyetaka shahada ya uhandisi hapa Afrika Mashariki ilimbidi aende Nairobi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na wanafunzi wake wakapelekwa viwandani na kwenye miradi kufanya mazoezi ya kazi. Mwaka 1986 kilianza Chuo cha Ufundi Mbeya, ambacho tangu 2012 ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Leo mwana wa Ubaruku anaweza kusomea uhandisi bila kutoka nje ya mkoa wake. Tena njia si moja: wapo mafundi mchundo, mafundi sanifu na wahandisi, na mfereji hausimami bila wote watatu.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, chini ya bonde la Ihefu. Maji katika bwawa la Mtera nayo yalipungua, na nchi ikapata mgawo wa umeme. Wengi walimnyoshea kidole mkulima wa Usangu. Wataalamu walipopima waliona kuwa mambo hayakuwa mepesi hivyo: matumizi ya maji ya kiangazi huku juu yaliuumiza mto, lakini upungufu wa Mtera ulitokana pia na namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa.

Waliona na jambo lingine. Banio la miti na majani lilivuja, na yale yaliyovuja yalikuwa riziki ya mwenzako aliye chini. Banio la zege lilipojengwa halikuvuja. Aliye juu aliweza kuyachukua karibu maji yote ya kiangazi. Zege lilikuwa imara na milango ilifunga barabara. Kilichopungua ni swali moja ambalo halikuulizwa mapema: aliye chini atapata nini?

Hilo ndilo fundisho la historia yetu. Mhandisi hapimwi kwa uimara wa zege tu. Anapimwa kwa hesabu anayoitoa kwa watu asiowaona: mkulima wa mwisho wa mfereji, mnyama wa hifadhini, na mama anayewasha taa mbali na hapa. Kijana aliyekua akisikia watu wakigombea zamu ya maji usiku analielewa swali hilo kuliko mgeni yeyote. Ana elimu ambayo haimo katika kitabu cha Fizikia, ila bila kitabu hicho haitamfikisha mbali.

Kwa hiyo, wanafunzi, msiikimbie Hisabati. Nanyi wenzangu mliokwisha kuwa mafundi na wahandisi, mkija kwenye mkutano wetu msiishie kwenye hotuba na chakula. Wachukueni vijana hadi banioni, mkawaonyeshe jinsi ya kupima maji yanayoingia mferejini na yanayobaki mtoni. Kisha waulizeni kama yaliyobaki yanatosha.