Tsumago Haikusahaulika na Wakati, Ilikataa Kuuzwa

Kila ikifika mwezi wa saba na wa nane, simu yangu inajaa video za milima ya Japani. Mtu anatembea kwa barabara ya mawe, nyumba za mbao huku na huku, anakula tambi baridi, halafu chini ameandika eti hapa wakati ulisimama. Hayo maneno yananikera kidogo. Wakati haukusimama. Kuna watu waliamua, na uamuzi wao uliwagharimu.

Tuanze na barabara yenyewe. Inaitwa Nakasendō. Enzi za watawala wa ukoo wa Tokugawa, kuanzia karne ya 17, iliunganisha Edo, ambayo leo ni Tokyo, na mji wa Kyoto. Ilipita milimani zaidi ya kilomita 500, na ilikuwa na vituo 69 vya kulala na kubadilisha farasi. Vituo 11 viko katika bonde la Kiso. Tsumago ni cha 42, Magome cha 43, na kati yao ni kama kilomita 8 kwa miguu. Hiyo ndiyo safari watalii wanaipenda majira ya joto, maana njia kubwa inapita chini ya kivuli cha msitu.

Sasa huo msitu wanaopiga picha. Una hinoki, mti wa mbao nzuri sana ambazo hata hekalu kuu la Ise limejengwa nazo. Watawala wa Owari waliomiliki bonde hilo walipiga marufuku raia kukata hinoki na aina nyingine nne za miti. Watu wa Kiso wakawa na msemo: mti mmoja, kichwa kimoja. Yaani ukikata mti, na wewe unakatwa. Hebu fikiria kuishi katikati ya mbao na huwezi kugusa hata moja.

Chakula nacho kina hadithi ileile. Bonde ni jembamba, baridi ni kali, mashamba ya mpunga ni machache. Kinachokubali huko ni soba, mmea wa mbegu ndogo nyeusi zenye pembe tatu, usiojali udongo mbaya na unaokomaa kwa takriban miezi miwili na nusu. Zamani watu walikoroga unga wake kwenye maji moto hadi ukashikana. Mkenya yeyote akiona atasema huyo ni ugali, bana! Kuukata kuwa tambi kulikuja baadaye, na moja ya kumbukumbu za zamani kabisa za tambi hizo ni hati ya mwaka 1574 ya hekalu la Jōshōji, hapo hapo Kiso. Kwa hivyo ile sahani ya tambi baridi juu ya mkeka wa mianzi, ambayo leo mtu anapanda ndege kuifuata, ilitokana na nafaka ya watu waliokosa mchele wa kutosha. Wali ulipopatikana uliheshimiwa: ulipondwa, ukabandikwa kwa kijiti, ukapakwa miso au soya na njugu, ukachomwa. Hiyo ni gohei mochi, na bado inauzwa kando ya njia.

Halafu biashara ikafa. Utawala wa Tokugawa ulianguka 1868, na reli ya Chūō ilipokamilika 1911 ilifuata mto, ikaiacha Tsumago pembeni. Hakuna msafiri, hakuna pesa. Vijana wakahama. Magome nayo iliungua 1895 na tena 1915, kwa hivyo nyumba nyingi unazoziona huko zilijengwa upya. Sasa niambie, hapo wakati umesimama wapi?

Miaka ya 1960 Tsumago ilikuwa karibu kubaki magofu. Kazi ya kukarabati nyumba ilianza 1968, na mwaka 1971 wakazi wakakubaliana mambo matatu: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi. Nyaya za umeme na simu zikafichwa. Magari yakazuiwa barabara kuu mchana. Mwaka 1976 serikali ikaitambua rasmi kama eneo la kuhifadhiwa.

Na hapa ndipo watengeneza maudhui wenzangu tunapokosea. Tukisema kijiji kilisahauliwa na wakati, tunawafuta watu wake. Usipouza nyumba yako wakati wenye pesa wanabisha mlango, hiyo si bahati. Kuishi mahali huwezi kubadilisha ukuta wako upendavyo ni mzigo, na unabebwa kila siku na familia ambazo watoto wao wengi wako mijini.

Wengine watasema ni utalii tu, ni maigizo. Sikubaliani. Kuuza soba kwa mgeni si unafiki. Hicho kijiji kilizaliwa kwa kazi ya kulisha wapita njia. Tofauti ni kwamba safari hii masharti wameweka wao wenyewe, si bwana wa Owari wala kampuni ya kutoka mjini.

Kwa hivyo ukibahatika kufika, kula soba, nunua gohei mochi, lipa bila kulalamika. Na ukiweka video, andika mwaka 1971 na yale mambo matatu. Hayo ndiyo yaliyokuachia kitu cha kupiga picha.