Simba Asiye Simba

Mwaka 1875 Mmarekani Edward Drinker Cope aliwakusanya baadhi ya wala nyama wa kale katika kundi aliloliita Kreodonta. Waliomfuata walichunguza meno. Simba, mbwa na fisi wana jozi moja tu ya meno ya kukatia nyama kila upande wa kinywa. Baadhi ya wale wa kale walikuwa na jozi tatu, hadi nyuma ya taya. Yaani kila ukoo ulijipatia mkasi wake. Hawakuwa mababu wa simba, na wataalamu wengi leo wanaona kwamba hata Kreodonta hawakuwa ukoo mmoja.

Mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens walimtangaza mmoja wao, aliyeishi Kenya magharibi yapata miaka milioni 22 iliyopita. Mifupa yake ilikuwa imelala miaka mingi katika droo ya makumbusho, Nairobi. Wakamwita kwa lugha yetu: Simbakubwa kutokaafrika.

Jina hilo nalifurahia. Hata hivyo nawausia walimu vijana wamweleze mtoto kwamba huyu si simba. Kufanana huletwa na kazi. Undugu huletwa na nasaba. Jina tumempa sisi, nasaba alikuja nayo mwenyewe.