Jina la "Mpango wa Uganda" na Kumbukumbu za Wayahudi wa Kenya

Makumbusho huhifadhi vitu, lakini maneno nayo huhifadhi historia, na pengine huipotosha. Chambilecho wengi, mwaka 1903 Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi walipewa na Uingereza "Mpango wa Uganda". Kwa hakika nchi iliyotajwa ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, ambazo tangu mwaka 1902 zilikwisha kutengwa na Uganda na kutiwa katika himaya iitwayo leo Kenya. Mpaka ulihama, jina halikuhama. Tume ilikwenda kuzikagua, na mwaka 1905 Kongamano la Wazayuni likaukataa mpango huo.

Hata hivyo, Wayahudi wachache walifika kwa njia zao wenyewe, wakaunda jumuiya Nairobi na kujenga sinagogi mnamo 1912-13. Lililopo sasa ni la mwaka 1955.

Sisi wa Machakos, ambako makao ya utawala yalihamishiwa Nairobi mwaka 1899, twajua jinsi historia ya mahali ifunikwavyo upesi. Kosa hili basi si dogo. Uasin Gishu ni jina la kundi mojawapo la Wamaasai. Tukisema "Uganda", twawafuta wao pamoja na Wanandi, ambao hawakuulizwa lolote. Yafaa atakayeandika maelezo ya Kiswahili katika makumbusho ya jumuiya hii aseme "Mpango wa Uasin Gishu", ili wageni na wenyeji wakumbukwe pamoja.