Vita vya Maji vya Cochabamba

Watunzi wa hadithi za wakati ujao aghalabu hubuni nchi ambayo maji yamehodhiwa na wachache, na raia hawana budi kuasi ili wapate kunywa. Msomaji hudhani kwamba hayo ni mambo ya kesho. Historia yatuonyesha kwamba yamekwisha kutokea, huko Cochabamba, mji ulio katika bonde la milimani nchini Bolivia.

Maji yalikuwa haba mjini humo tangu zamani. Katika mitaa ya kusini, ambako mabomba ya mji hayakufika, wakazi wengi walichanga fedha wakachimba visima vyao wenyewe. Septemba 1999 serikali iliikabidhi huduma ya maji, kwa miaka 40, kampuni ya Aguas del Tunari, ambamo Bechtel ya Marekani ilikuwa na hisa. Mkataba uliihakikishia kampuni faida ya asilimia 15 au zaidi kila mwaka. Sheria Namba 2029, iliyofuata mwezi wa Oktoba, ikawatia watu hofu kwamba hata visima walivyochimba kwa jasho lao vingetwaliwa. Januari 2000 bei ya maji ikapanda, na kwa baadhi ya nyumba ikawa maradufu.

Wafanyakazi wa viwandani, wakulima wa umwagiliaji na wakazi wa mitaani walikuwa wamekwisha kuunda umoja wao, ulioitwa Coordinadora. Msemaji wake alikuwa Óscar Olivera, fundi wa kiwanda cha viatu. Walifunga barabara, mwezi wa Machi wakaendesha kura yao wenyewe, ambayo watu wapatao 50,000 walishiriki, na walio wengi kabisa wakaukataa mkataba. Serikali ilipopuuza, mwezi wa Aprili shughuli za mji zikasimama. Tarehe 8 Rais Hugo Banzer alitangaza hali ya hatari, na siku iyo hiyo kijana wa miaka 17 akauawa kwa risasi. Tarehe 10 serikali ikakubali kuuvunja mkataba; na sheria nayo ikarekebishwa.

Kampuni ilidai fidia ya mamilioni ya dola mbele ya mahakama ya usuluhishi, lakini Januari 2006 ikayaacha madai hayo. Tarehe 28 Julai 2010, kwa hoja iliyotolewa na Bolivia, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kwamba maji safi ni haki ya binadamu: nchi 122 ziliunga mkono, 41 hazikuegemea upande wowote, wala hakuna iliyopinga.

Hata hivyo, ushindi haukuleta mabomba. Shirika la umma lilirudishiwa kazi, lakini kwa miaka mingi baadaye wakazi wa kusini waliendelea kununua maji ya malori kwa bei iliyozidi ile ya bomba. Mtunzi ana ruhusa ya kuikomesha hadithi yake siku ya ushindi. Mwanahistoria hana budi kuuliza ni nani aliyepata maji asubuhi yake.